Sekunde 38 za kompyuta ya wodi

SEHEMU YA 1

Niliwaahidi kisa cha kompyuta ya wodi, nikakiweka kiporo karibu mwezi mzima kwa sababu kinanihusu mimi mwenyewe na si kizuri kwangu. Leo niko ofu, nguo nimeshaanika, mtoto yuko shule. Naandika. Mama mhusika nilimwomba ruhusa kabla hajatoka hospitali, na mambo kadhaa nimeyabadilisha asitambulike. Hospitali siitaji, msinihoji.

Wodi ya wazazi kwetu ina kompyuta moja, iko pale kwenye meza ya manesi. Moja tu. Zamu ya usiku tunakuwa wawili, watatu ukibahatika, na kila tunachofanya lazima kiingie humo: presha, dawa, mapigo ya mtoto, nani kajifungua saa ngapi. Tangu tuhamie kwenye mfumo, ile karatasi ya matibabu iliyokuwa inaning'inia kitandani iliondolewa. Siku ile tulifurahi sana, maana karatasi zilikuwa zinapotea, zinalowa, nyingine unaikuta imefungiwa vitumbua.

Ili uingie kwenye mfumo unahitaji jina lako na nywila yako, paswedi kama tunavyosema wenyewe. Na sisi, kama watu wengi, siku ya kwanza tu brauza ilipouliza iihifadhi, tulibofya ndiyo. Kila mtu. Kwa hiyo ukifungua ukurasa wa kuingilia unabofya kwenye kisanduku cha jina, orodha ya majina ya manesi inashuka, unachagua lako, nywila inajijaza yenyewe, umeingia. Mwanzoni ilikuwa kufumba na kufumbua.

Halafu ikaanza kuchelewa. Unabofya, kimya. Unasubiri. Kale kaduara kanazunguka. Unaenda kumwangalia mama wa kitanda cha tatu, unarudi, bado. Tukazoea. Mtu akilalamika tunamwambia kompyuta nayo inazeeka, wewe huzeeki? Tulikuwa tunaona ni kero, kama bomba linalovuja. Hakuna aliyefikiri kwamba kero inaweza kumfikia mgonjwa.

Usiku huo tuliletewa mama mwenye kifafa cha mimba, alikuwa amedegedeka mara mbili njiani. Waliosoma kozi yetu wanajua: magneziamu salfeti. Dozi ya kuanzia ni gramu 4 mshipani taratibu na gramu 10 kwenye misuli, tano kila tako. Baada ya hapo gramu 5 kila masaa manne, unabadilisha upande, hadi masaa 24 yapite tangu ajifungue au tangu adegedeke mara ya mwisho, lolote litakalochelewa. Ni dawa inayookoa maisha kweli kweli. Lakini ikizidi mwilini inaanza kuzima vitu kimoja kimoja: kwanza goti haliruki ukiligonga, halafu pumzi inapungua, halafu sitaki kusema. Ndiyo maana kabla ya kila dozi unahesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika, unagonga goti, unaangalia mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Na kalsiamu glukoneti inakaa karibu, tayari.

Dozi ya kuanzia tulimpa saa 4 usiku. Saa 8 usiku nikampa nyingine, upande wa kushoto. Alfajiri akajifungua salama, mtoto analia vizuri, na mimi nilikaribia kulia. Saa 12 asubuhi nikampa dozi yake, upande wa kulia. Pumzi 20, goti linaruka, mkojo upo. Nikaenda kwenye kompyuta kuandika.

Nikabofya. Kimya. Huku nyuma mwingine ananiita, sista, sista, maji yamepasuka. Nikawa nimesimama, mkono mmoja kwenye mausi, shingo imegeukia vitandani. Orodha ikashuka. Nikaona jina langu, nikabofya, nikaandika dozi na muda, nikahifadhi, nikakimbia.

Saa 1 na nusu nikakabidhi zamu. Nilimwambia nesi aliyenipokea kwa mdomo: magneziamu ya saa 12 tayari, inayofuata saa 4. Akaitikia. Nikapanda bajaji. Simu ilikuwa imezima chaji tangu saa 9 usiku.

Dakika kumi baada ya mimi kuondoka, yule niliyemkabidhi akaitwa kumsindikiza mama mwingine upasuaji. Akabaki mwenzake, ambaye hakuwepo wakati nakabidhi. Saa 2 akafungua taarifa za yule mama kwenye kompyuta. Akakuta hivi: saa 8 usiku, dozi, jina langu. Saa 12 asubuhi, dozi, jina la Sista M.

Sista M alikuwa likizo. Wiki ya pili. Yuko kijijini kwao, anavuna mahindi.

Sasa jiweke wewe mahali pake. Mfumo wetu ulikuwa na historia ya kuchanganya mambo. Mtu ambaye hayupo mkoa huu ameandika dozi. Aliyekuwepo, yaani mimi, hajaandika kitu baada ya saa 8. Simu yangu haipatikani. Mwenzake yuko upasuaji. Akaamua, na mimi ningeamua hivyo hivyo, kwamba hayo maandishi ni ya mgonjwa mwingine yameingia kimakosa, na kwamba huyu mama dozi yake ya saa 12 imerukwa. Akavuta gramu 5 kwenye bomba la sindano.

Akaenda kitandani. Akahesabu pumzi, zilitosha. Akagonga goti, likaruka. Akamwambia, mama geuka nikuchome.

Yule mama alikuwa bado ana usingizi wa dawa. Akasema polepole, "Sista, mbona nimechomwa sasa hivi tu, jua lilikuwa halijatoka vizuri. Ni huku." Akajishika upande wa kulia. Nesi akafunua, akaona kipande cha pamba nilichokibandika, kina doa la damu.

Akarudisha sindano kwenye trei.

SEHEMU YA 2

Niliamka saa 8 mchana. Nikachomeka simu, nikakuta simu kumi na nne zilizopigwa, tatu kutoka kwa inchaji, mbili za metroni. Nesi yeyote anajua namna tumbo linavyokuwa ukikuta simu ya metroni. Nikapiga. Hakufoka, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Akasema njoo kesho saa 3 na barua ya maelezo.

Mama alikuwa mzima, dozi ya saa 4 alipewa kwa wakati wake. Hilo ndilo nililouliza kwanza, na nawaambia bila aibu kwamba la pili nililouliza ni kama jina langu limetajwa.

Kilichonichoma ni habari za Sista M. Kabla mimi sijapatikana walishampigia yeye. Yuko shambani, mikono ina vumbi, anaulizwa: nywila yako ulimpa nani? Akasema sijampa mtu. Akaulizwa tena. Akaulizwa kama anajua adhabu ya kumwachia mtu mwingine nywila ya mfumo. Dada wa watu ana miaka kumi na sita kazini, hajawahi kuandikiwa hata onyo. Na wapo waliosema, si mnajua watu walivyo, kwamba labda alikuwa anajiandikisha zamu za posho huku yuko kwao. Nilipompigia mimi kumwomba msamaha alipokea, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema "nimekusikia," akakata.

Barua niliandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa inailaumu kompyuta. Ya pili ilikuwa inajilaumu mimi peke yangu, kwamba sikuwa makini, ndiyo aina ya barua wakubwa wanaipenda, inafungwa kwenye faili na yanaisha. Ya tatu niliandika kilichotokea kwa mpangilio, nikamalizia na ombi moja: naomba niruhusiwe kukaa na kijana wetu wa TEHAMA nusu siku, tujue kwa nini orodha inachelewa na kwa nini nilibofya jina langu likaingia la mwenzangu. Kwa sababu nilikuwa na uhakika. Niliona jina langu. Nilibofya jina langu.

Metroni aliisoma akavua miwani. Akasema, "Nusu siku. Na usije ukaharibu kitu."

SEHEMU YA 3

Leo ni kompyuta tupu. Wasiopenda mambo haya rukeni, ila mtajuta.

Kijana wa TEHAMA ni mmoja kwa hospitali nzima. Siku hiyo alikuwa na printa mbili mbovu na dirisha la dawa limekwama, kwa hiyo alinipa masharti: wewe pima, mimi nitakuja nikuambie vipimo vinasema nini. Hapo akawa amenigusa penyewe. Kupima ndiyo kazi yangu.

Nikachukua ile saa yangu ya kifuani ninayohesabia pumzi. Nabofya kisanduku cha jina, nahesabu mpaka orodha ishuke. Mara ya kwanza sekunde 41. Mara ya pili 35. Mara ya tatu 38. Nikaandika 38, ya katikati. Nikaenda maabara, kompyuta yao ni ya mwaka ule ule, ililetwa kwenye gari moja na yetu, inaingia kwenye mfumo ule ule. Sekunde 3.

Hiyo peke yake ilishatuambia mengi. Kama seva ndiyo ingekuwa mgonjwa, maabara nao wangeumwa. Kama ni waya wa mtandao ukurasa wenyewe ungechelewa kufunguka, na kwetu ukurasa ulikuwa unafunguka vizuri tu, kinachochelewa ni kujaza. Ugonjwa upo kwenye kompyuta yetu, ndani ya brauza.

Kijana akaja akaniambia fungua dirisha la faragha, lile la inkognito, halafu pima tena. Nikapima. Sekunde 4! Nikadhani nimekosea, nikarudia. 4. Akacheka akasema kwenye dirisha la faragha vile vijiprogramu vya kupachika, ekstensheni, huwa vinazimwa vyenyewe mpaka uviruhusu. Nywila zilizohifadhiwa na brauza bado zinajaza, ila wapangaji wametolewa nje. Kwa hiyo tatizo ni wapangaji.

Kipimo hiki kishikeni, ni cha bure na kinachukua dakika moja. Kujaza nywila kukichelewa kwenye kompyuta yako, jaribu dirisha la faragha kwanza kabla hujaanza kufuta ovyo au kumlipa mtu.

Tukafungua orodha ya ekstensheni. Jamani! Nilitegemea moja au mbili. Zilikuwa tisa. Ya kupakua video. Ya kugeuza PDF. Mbili za kuzuia matangazo, zinagombana zenyewe kwa zenyewe. Ya kutafuta punguzo la bei kwenye maduka ya mtandaoni ya Marekani, wodi ya wazazi, nani ananunua nini Marekani saa 8 usiku? Ya kusahihisha Kiingereza. Na moja ya kutunza nywila, tofauti na ile ya brauza yenyewe.

Kwenye Chrome na Edge ukibonyeza Shift na Esc kwa pamoja kinatokea kidirisha kinachoonyesha kila ukurasa na kila ekstensheni inakula kumbukumbu kiasi gani. Tukakiacha wazi, tukabofya kisanduku cha jina, tukaangalia. Zile mbili za matangazo na ile ya nywila zikapanda juu kama mgonjwa wa malaria. Kompyuta yenyewe ina RAM ya GB 4, na diski ni ile ya zamani inayozunguka, imejaa mpaka alama imekuwa nyekundu. Ndani ya folda ya daunlodi tulikuta tamthilia za Kituruki, misimu mitatu. Sitaji jina la mtu, anasoma hapa.

Kijana akanieleza kinachotokea, na nitawaeleza nilivyoelewa mimi. Ekstensheni ya nywila kazi yake ni kusoma kila ukurasa itafute wapi pana kisanduku cha jina na cha nywila. Ukurasa wetu wa kuingilia haukai ukatulia, unajichora vipande vipande, nembo, tangazo la siku, visanduku. Kila kipande kikichorwa ekstensheni inaanza kusoma upya. Zile za matangazo nazo zinasoma. Ya Kiingereza nayo ipo kwenye kisanduku hicho hicho, inasubiri uandike ikusahihishe. Halafu ile ya nywila ilikuwa inataka kwanza iulize makao makuu yake huko nje kwenye intaneti kama kuna jipya, na intaneti yetu mnaijua. Mfumo wa hospitali uko hapa hapa ndani ya jengo, hauhitaji intaneti ya nje. Sisi tulikuwa tunaingia chumba cha jirani kwa kupitia ng'ambo.

Watu huwa wanasema orodha imejaa nywila nyingi ndiyo maana. Na kweli zilikuwa nyingi, 113, kwa manesi 26, kwa sababu anwani ya seva ilishabadilishwa na kila mtu akahifadhi upya, na wanafunzi wa mafunzo kila msimu wanaongezeka. Lakini 113 kwa kompyuta si kitu, ni kama ukurasa mmoja wa daftari. Tulipozima ekstensheni zote bila kufuta nywila hata moja, tulipata sekunde 6. Tulipohamisha zile tamthilia na kuwasha upya, 4.

Ila bado swali langu la pili. Kwa nini nilibofya jina langu likaingia la Sista M?

Tukawasha zile mbili tena, ya brauza na ya ekstensheni, nikasema ngoja nione kwa utulivu, bila mtu kuniita. Nikabofya. Sekunde zikapita. Orodha ya brauza ikashuka, jina langu likaonekana, la nne. Nikaweka mshale juu yake. Na kabla sijabonyeza, juu ya ile orodha ikashuka orodha ya pili, ya ekstensheni, inafanana kabisa, ila ina kichwa kidogo juu kwa hiyo majina yote yameshuka mstari mmoja. Pale mshale wangu ulipokuwa, sasa palikuwa na jina linalolitangulia langu kwa alfabeti.

Sista M.

Nilikaa kwenye kiti. Kijana akauliza, "Dada, uko sawa?" Nywila inajaza kwa vidoti, huoni ni ya nani. Ukishaingia jina lako linakaa kule juu kulia, maandishi madogo kama ya kwenye chupa ya dawa. Chupa ya dawa huwa naisoma mara tatu, nilifundishwa hivyo chuoni na sijawahi kuacha. Hapa sikusoma hata mara moja.

Halafu kijana akaonyesha kwa kidole kwenye pembe ya brauza. Kuna kaduara kenye picha. "Huyu nani?"

Ilikuwa picha ya mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo aliyemaliza mwaka jana. Siku moja aliingia kwenye barua pepe yake ili atoe ripoti, brauza ikamuuliza iwashe usawazishaji, akakubali, akaondoka, hajatoka kwenye akaunti. Zile ekstensheni tisa zilikuwa zake, zilitoka kwenye kompyuta yake ya nyumbani zikaja wodini zenyewe. Na nywila zetu, zote 113, zilikuwa zinakwenda kwenye akaunti yake. Kila nesi aliyebofya hifadhi alikuwa anamhifadhia kijana wa watu aliyeko mkoa mwingine.

Alipigiwa simu mbele yangu, imewekwa spika. Alishtuka kweli, sauti ilibadilika. Akasema alikuwa anaona majina ya manesi kwenye simu yake akadhani ni mfumo tu umekosea, hajawahi kuyagusa. Namwamini. Ila ukweli ni kwamba ilikuwa imani tu. Kwa mwaka mzima taarifa za akina mama wetu, nani ana virusi, nani mimba iliharibika, zililindwa na uungwana wa kijana mmoja. Na nchi hii tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya zimo kwenye zile nyeti.

SEHEMU YA 4

Tukafanya hivi. Akaunti ya yule kijana ikatolewa, naye akafuta kwake. Ekstensheni zote zikaondoka. Brauza ikasasishwa. Ikaja zamu ya zile nywila 113, na hapo ndipo nilipogombana na wodi nzima, kwa sababu kijana wa TEHAMA alisema, na mimi nikamuunga mkono, kwamba tusizifanye zijae haraka. Tuzifute, na brauza ya wodi isiulize tena habari ya kuhifadhi. Kompyuta ya watu 26 haitakiwi kukumbuka nywila ya mtu yeyote. Na kila mtu abadilishe yake, kwa sababu zile za zamani zilishatoka nje.

Kufuta nilipewa mimi. Moja moja, kwa sababu metroni alitaka orodha ya majina kwenye karatasi kwanza. Nilifika kwenye jina la dada yetu mmoja tuliyemzika mwaka huu mwezi wa tatu. Kila siku nilikuwa naliona kwenye ile orodha, la pili kutoka juu, nikazoea kama ulivyozoea kuona kanga ya mtu kwenye kamba. Nikalipita. Nikafuta wengine wote, nikarudi kwake mwisho. Nywila yake ilikuwa vidoti. Kuna kitufe cha jicho ukibofya unaiona. Sikubofya. Nilifuta, brauza ikaandika kwamba imefutwa na ikanipa nafasi ya kutengua, inakaa sekunde chache tu halafu inaondoka. Ikaondoka.

Malalamiko yalianza zamu hiyo hiyo. Wewe ndiye umetuletea haya. Kosa lako, adhabu yetu. Na kuna hoja moja iliyokuwa ya kweli kabisa. Mama yetu mkubwa wa wodi, amebakiza miaka miwili astaafu, mikono iliyozalisha nusu ya mji huu, anaandika kwa kidole kimoja. Kwake ile orodha ilikuwa msaada hasa. Alinitazama akasema, "Mwanangu, unataka niache mama anasukuma nitafute herufi R?" Sikuwa na jibu.

Nilichofanya ni kukaa naye mchana mmoja. Mfumo wetu ulikuwa unadai nywila yenye herufi kubwa, namba na alama, kijana alipoweza kurekebisha akaruhusu iwe ndefu badala ya kuwa ya ajabu. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, tangu 2017 wanasema urefu ndio unaosaidia zaidi, na kumlazimisha mtu abadilishe kila baada ya miezi kadhaa bila sababu kunamfanya achague mbovu zaidi. Nikamwambia chagua maneno manne yasiyohusiana, ya kwako mwenyewe, si majina ya watoto, si methali, herufi ndogo tupu. Akafikiri, akacheka peke yake, akaandika. Sikuangalia. Tulijaribu na saa yangu: mara ya kwanza dakika moja na nusu. Mara ya kumi sekunde 27. Mimi mwenyewe natumia 9. Yaani kuandika kwa mkono kumekuwa haraka kuliko kile kilichowekwa ili tusiandike kwa mkono.

Na karatasi ya dawa ya magneziamu imerudi kitandani. Hiyo iliamuliwa na metroni mwenyewe. Unachoma, unasaini pale pale, halafu ndiyo unaenda kwenye kompyuta.

Mlioniuliza habari za nyumbani: kwenye simu yako mwenyewe, yenye kufuli lako, kuhifadhi nywila ni sawa na mimi nahifadhi. Ni afadhali kuliko kutumia moja kila mahali. Ila chagua mtunzaji mmoja, ama wa brauza ama wa programu nyingine, mwingine mzime kwenye mipangilio, msiweke wawili mlango mmoja. Ukitumia programu ya kutunza nywila na ikachelewa sekunde moja mbili pale unapoifungua kwa nywila kuu, hiyo usiione ni ugonjwa. Imetengenezwa hivyo makusudi. Inaizungusha nywila yako kwenye hesabu mara laki kadhaa, kwa njia mojawapo inayotumika sana OWASP wanapendekeza 600,000, ili mwizi anayejaribu kubahatisha achoke. Simu ya zamani itaonja hiyo kazi zaidi. Ikishafunguka, kujaza kwenye kila ukurasa kunatakiwa kuwe haraka.

Na ikikataa kabisa kujaza kwenye ukurasa unaoujua, benki au barua pepe, usiikasirikie ukaanza kuandika kwa mkono. Soma anwani kule juu kwanza, herufi kwa herufi. Inajaza kwa kufuata anwani, haifuati sura ya ukurasa. Wewe unaweza kudanganywa na nembo, yenyewe inaangalia anwani tu.

Sista M alirudi likizo Jumatatu iliyopita. Tulipangwa zamu moja, sijui kwa bahati au metroni alikusudia. Alinisalimia. Alileta mahindi ya kuchemsha kwa wodi nzima, na mimi nikapewa hindi langu kama wengine. Saa 3 usiku akakaa kwenye kompyuta, akabofya kisanduku cha jina, akasubiri. Hakikushuka kitu. Akauliza bila kugeuka, "Majina yameenda wapi?"

Nikamwambia, "Nimeyafuta. Sasa tunaandika."

Akaandika jina lake. Halafu akaegemeza mkono wa kushoto juu ya kibodi kama mtoto anayeficha mtihani, nisione, akaanza kuandika nywila. Mimi nikachukua kipimo cha presha nikaenda kitanda cha kwanza.